Mawe ya Nyuma ya Nyumba ya Sista

Ninyi vijana mnaonijia na ndoo zenu za rangi, kaeni kwanza. Si hapo, hapo jua litawafuata. Sogeeni huku kwenye kivuli cha tangi. Mimi nimestaafu, magoti yamekataa ngazi na kifua kimekataa vumbi la msasa, lakini mdomo bado uko kazini. Mnaniuliza siri ya kuandaa nyumba ya mjini ili ikipata mtu wa kuitazama asiondoke bila kusema ndiyo. Siri! Kuna kuamka mapema na kuna kuuliza maswali. La kwanza linawashinda ninyi kwa uvivu. La pili lilinishinda mimi kwa kiburi, tena nikiwa na miaka zaidi ya ishirini kazini, na leo nitawaambia hata kama litanitoa machozi.

Tuanze na kuamka. Hapa Lodwar rangi hupakwa kuanzia alfajiri mpaka saa nne. Basi. Saa nne ikipita ukuta unakuwa moto, rangi inakaukia kwenye brashi kabla hujaivuta, halafu upepo unaleta mchanga na kuumwaga pale pale penye majimaji. Nimeona nyumba nzuri ya krimu ikiota chunusi ukuta mzima kwa sababu fundi alitaka kunywa chai kwanza. Halafu hii chumvi ya kwetu. Plasta iliyokorogwa kwa maji ya kisima hutoa unga mweupe. Ninyi mnapaka juu yake, mnapiga picha, mnatuma kwa simu, mnunuzi anafurahi. Wiki mbili baadaye ukuta unabambuka. Paruza kwa brashi ya waya, osha, ngoja ikauke, paruza tena. Ndiyo, tena! Usinitazame hivyo, wewe mwenye kofia.

Mimi sikusomea ufundi. Nilitoka Lokori nikiwa mke mdogo, nikaja mjini, nikawa nabeba maji kwenye mijengo. Fundi wa rangi alikuwa Mjaluo mmoja, Fundi Otieno, mzee mrefu aliyekuwa anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya kabisa. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Siku moja akaniita, "Arupe, weka hiyo jerikeni chini. Angalia huu ukuta uniambie ni wapi nimeruka." Nikamwonyesha sehemu nne. Akashuka kwenye ngazi, akaniwekea brashi mkononi, akasema, "Basi panda wewe." Wanaume wa mjengo walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanamke juu ya ngazi! Wakaniita Mama Rangi kwa kunidhihaki, na jina likashika, hata watoto wangu wananiita hivyo wakitaka kitu.

Otieno alikuwa amepaka maofisi ya serikali maisha yake yote, na alileta tabia za ofisi kwenye nyumba za watu. Lazima sehemu ya chini ya ukuta, mpaka kiunoni, iwe rangi ya mafuta yenye giza, kwa sababu ya migongo ya watoto na ya mbuzi. Hapo alikuwa na haki, nami nimewafundisha hivyo hivyo. Halafu mawe meupe. Kwake kiwanja bila mawe ya chokaa hakikuwa kiwanja. Alikuwa anasema, "Mgeni akifika getini, aone mawe meupe yamepanga laini mpaka mlangoni, moyo wake unatulia. Anajua hapa wanakaa watu wa maana." Na alikuwa na lingine: nyumba ya kuuza iandae kwa macho ya mgeni. Ng'oa misumari ya kalenda. Futa alama za penseli mlangoni, pale watoto walikuwa wanapimwa urefu. Ondoa kila kitu kinachosema hapa kuna mtu alikaa, maana mgeni anataka kujiona yeye mwenyewe ndani.

Nililishika hilo neno sana. Nililishika kupita kiasi.

Kabla sijafika huko, niwachekeshe kidogo. Kuna nyumba moja karibu na njia ya Kalokol nilipaka vizuri hata mimi nilitaka kuhamia. Mnunuzi akaja, akaketi sebuleni, akasifu sana. Mara dari ikaanza kulia, wii wii wii. Popo! Mia, sijui mia mbili, wamejaa juu ya dari, na joto la saa sita limewaamsha. Mwenye nyumba akakimbia kuwasha redio. Mnunuzi akasema, "Hii redio yako ina watu wengi." Akaondoka. Kwa hivyo vijana, panda juu ya dari kwanza kabla hujafungua mkebe hata mmoja. Na chini ya mlango weka ubao. Mbao zetu hukauka zikaacha mwanya, na nge hapigi hodi.

Sasa ya Sista.

Sista Nekesa alikuwa muuguzi, Mbukusu, aliletwa Lodwar na kazi akiwa msichana na hakurudi kwao tena. Nusu ya watu wa mtaa wetu walizaliwa mikononi mwake, na mmoja wao ni mwanangu wa kwanza. Yeye na mumewe walijenga nyumba yao wenyewe, vyumba vitatu, mabati, na jikoni yenye mlango wa kutokea nyuma. Mume alitangulia mbele ya haki. Halafu macho ya Sista yakaanza kuzima. Alikuwa ameanguka mara mbili, mara ya pili akakaa sakafuni siku nzima mpaka jirani alipomsikia. Binti yake wa Kitale akasema mama, imetosha, njoo tukae pamoja, huku hospitali ya macho iko karibu. Sista akakubali kwa shingo upande. Lakini hakutaka kuifunga nyumba na kuiacha. Mnajua nyumba tupu ya hapa: mchwa chini, popo juu, na mizizi ya mti wa mathenge ikiingia kati. Alitaka aiuze kwa mtu wa kukaa ndani.

Dalali alikuwa Ekal, kijana mwenye miwani ya jua na simu mbili. Akapata mnunuzi wa Kakuma, mama mfanyabiashara anayeuza magodoro na sufuria, anataka nyumba Lodwar watoto wake wasome huku. Mama huyo alisema atakuja Jumamosi kuitazama. Nikapewa siku sita.

Sista tulimhamishia kwa jirani, maana harufu ya rangi ilikuwa inamchoma macho. Nikabaki na vibarua wangu wawili na nyumba. Vijana, nilifanya kazi! Niliparuza, nikaosha, nikaziba nyufa, nikapaka krimu juu na kahawia chini. Nilifuta alama za penseli za binti yake mlangoni. Siku ya nne ndani kukaisha, nikatoka kushughulikia kiwanja. Nyuma ya jikoni, karibu na ua, kulikuwa na rundo la mawe, mawe ya mviringo ya mtoni, yamekaa vizuri na hayana hata jani juu yake. Nikasema, ee Mungu asante, mawe yaliyobaki ya mjengo, na Otieno angeyapenda haya. Tukayabeba yote mbele. Tukayapanga kutoka getini mpaka mlangoni pande zote mbili. Tukakoroga chokaa, tukayapaka. Kule nyuma tukamwaga mchanga, tukasawazisha na reki mpaka pakawa kama hapajawahi kuwa na kitu. Nikasimama getini mikono kiunoni, nikajisifu kwa sauti.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, Sista akaletwa kuona. Alikuwa anaona ukungu tu wakati huo. Alipita ukumbini akigusa ukuta kwa kiganja, taratibu, akasema, "Arupe, ni laini. Ni kama ilivyokuwa siku tulihamia." Nikafurahi. Akaenda jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akatoka peke yake na fimbo yake. Nikamwona anahesabu hatua mdomoni. Akasimama. Akapapasa chini na fimbo, huku na huku. Akavua ndala, akapapasa kwa mguu.

"Mama Rangi," akaita, "mawe yangu yako wapi?"

Na mimi, mjinga wa Mungu, nikamjibu kwa furaha, "Yako huku mbele, Sista! Njoo nikuonyeshe vile yanang'aa!"

Hakuja. Alipiga magoti hapo mchangani, akaweka viganja vyote viwili chini, akasema kwa sauti ndogo sana, "Umemfunua. Umemfunua mtoto."

Sikuelewa kwa haraka. Halafu nikaelewa. Mimi, mtoto wa Lokori! Niliyepita kando ya marundo kama hayo tangu nikiwa nyuma ya mbuzi wa baba, nikijua kabla sijajua kuhesabu kwamba mtu amelala pale, hushiki jiwe lake. Mgeni angekosea ningesema ni mgeni. Mimi nilikuwa nimetazama kiwanja kwa macho ya mgeni miaka mingi mpaka yakawa macho yangu.

Sista aliniambia akiwa amekaa pale pale chini. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, aliishi miezi saba. Homa ikamchukua wakati wa mvua. Kwa desturi ya kwao alitakiwa kupelekwa Bungoma akazikwe nyumbani, lakini malaga, ile mito yetu ya mchanga, yalikuwa yamejaa, lori hazipiti, mume yuko safari upande wa pili wa ziwa. Siku mbili alingoja. Siku ya tatu mama mmoja Mturkana, jirani yake, akamwambia, "Binti yangu, mlete hapa." Wakamzika nyuma ya jikoni. Wakati huo fisi walikuwa wanapita katikati ya mji. Yule mama akashuka mtoni akabeba mawe kwa kichwa, safari baada ya safari, akamfunika mtoto ili asiguswe. Wakwe zake Sista hawakumsamehe kwa kumzika huku. Basi akanyamaza. Hakuweka msalaba, hakuandika kitu. Ila kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, hatua kumi na moja kutoka mlango wa jikoni.

"Ulitaka kuuza bila kusema?" nikamuuliza.

"Ekal alinikataza. Alisema mtu hanunui nyumba na kaburi. Nikafikiri, mawe yakikaa pale, hata mwingine ataogopa kuyagusa." Akageuza uso kwangu. "Lakini wewe hukuogopa, Arupe. Na mwenye kuja ataogopa nini? Atajenga choo juu yake. Sitaki tena. Rudisha funguo. Nitakaa hapa."

"Sista, umeanguka mara mbili."

"Nitaanguka ya tatu. Siwezi kumwacha peke yake."

Niliyarudisha yale mawe mwenyewe. Vibarua walitaka kunisaidia, nikawafukuza kwa ukali ambao hawakustahili. Niliosha chokaa jiwe kwa jiwe, nikayabeba, na Sista amekaa kwenye kiti akinielekeza kwa mikono, kubwa huku, dogo huku. Nililia, naye akaniambia nisipoteze maji mwilini, jua ni kali. Muuguzi ni muuguzi tu.

Ekal alipofika akashika kichwa. "Mathe, mnanimaliza! Mama wa Kakuma anakuja kesho kutwa. Tuweke ndoo za maua juu, asiulize." Nikamwambia akiweka ndoo hata moja nitamvisha kichwani. Nikamwambia pia kwamba kesho nakwenda Kakuma kumwambia yule mama kwa mdomo wangu. Maana niliona hivi: akikataa, atakataa akijua, na Sista atakaa na mtoto wake. Akikubali, atakubali akijua. Ile ya katikati, ya maua, ndiyo singeweza kulala nayo. Ekal akasema nitaharibu kazi ya kila mtu. Nikasema nishaiharibu tayari, niache nimalizie.

Ijumaa nikaenda. Siku hizi barabara ni lami, unafika kabla hujamaliza mawazo, na mimi nilitaka yachukue muda. Duka la yule mama, Mama Ewoi, liko karibu na soko. Mturkana mwenzangu, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi. Alikuwa anabishana na mteja Mkongomani juu ya godoro, yule anasema, "Mama, hii iko nyepesi sana," yeye anamjibu, "Lala juu yake kwanza, ndiyo useme." Akaniona, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-a?"

"Ejok-noi."

Akanipa maji na kiti. Nikamwambia yote: mawe, chokaa, mchanga, mtoto, mama anayepofuka. Sikuficha ujinga wangu. Akanisikiliza bila kupepesa, mteja naye amesahau godoro anasikiliza. Nilipomaliza nikangoja aniambie nitoke.

"Mtoto anaitwa nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo. "Sijui."

"Hujui?"

"Sikuuliza."

"Wewe mama!" Akapiga meza. "Umetoka Lodwar na hii jua, unaniletea habari ya mtoto wa mtu, na jina huna? Sasa mimi nikatae nani? Nikubali nani? Rudi. Uliza mama yake. Kesho nakuja, nataka kumkuta ana jina."

Nikarudi siku hiyo hiyo. Nilimkuta Sista kwenye kiti kando ya mawe, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia, "Mnunuzi anauliza mtoto anaitwa nani." Akanyoosha mkono, akagusa jiwe la karibu. 

"Wafula," akasema. "Alizaliwa mvua ikinyesha." Halafu kama mtu aliyefungua bomba: kwamba alikuwa na nywele nyingi, kwamba alipenda kushika ile saa yake ya kazini ya kubandika kifuani, akinyang'anywa analia, kwamba alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Miaka hiyo yote hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Hata mimi, ambaye alinizalisha, sikuwahi kuuliza.

Jumamosi Mama Ewoi akafika na gari dogo na shuka yake begani, nami nikampa lile jina pale getini. Ekal akakimbia kumwonyesha ukumbi, madirisha, tangi. Yule mama akapita ndani kama anayepita sokoni, hakugeuza hata shingo. Siku zote zile za jasho langu! Akatokea mlango wa nyuma, akamsalimia Sista kwa mikono yote miwili, akauliza, "Ni huyu?"

"Ni huyu."

Akainama kabisa. "Wafula, ejok?" Akafungua pindo la shuka, akatoa jiwe moja alilolitoa kwenye laga la Kakuma, akaliweka juu ya mengine. Akanyoosha mgongo, akamwambia Sista, "Mama, mimi nikiingia mahali nakuta watu, siwaulizi watoke. Nyumba nanunua. Mtoto nakaa naye."

Ekal akaambiwa aandike kwenye mkataba kwamba sehemu ile haichimbwi wala haijengwi. Akaandika, miwani ameivua. Sista alikuwa ameshika mkono wa yule mama haachi.

"Nikienda," akasema, "nani atamwita jina?"

"Niko na watoto sita," Mama Ewoi akajibu. "Kwangu jina la mtu halipumziki."

Tangu siku hiyo, vijana, kabla sijagusa hata msumari nilikuwa namweka mwenye nyumba kwenye kiti na kumuuliza: ni nini hapa kisichoguswa? Wengine walicheka. Wengine walinipeleka nyuma ya nyumba, au kwenye mti, au kwenye pembe ya chumba. Ulizeni. Na alama za penseli mlangoni, msifute kabla ya kuuliza. Zile za binti ya Sista siwezi kuzirudisha.

Kazi yangu ya mwisho kabisa kabla magoti hayajakataa ilikuwa nyumba ile ile. Mama Ewoi aliniita nipake upya upande wa jikoni. Nikashika ngazi nikaizungusha nyuma, na mtoto wake wa mwisho, kasichana ka miaka minne hivi, kakanizuia kwa mikono miwili imetandazwa.

"Ata, si hapo!" kakaniambia, yaani nyanya. "Wafula amelala."

"Nani amekwambia?"

"Ni ndugu yetu. Sisi tunacheza huku, hapo hapana. Mama alikataza, tusimpigie kelele."

Nikaweka ngazi chini. Nikatoa simu, nikampigia Sista kule Kitale, nikamwambia kila neno kama lilivyo.  Nikafikiri nimemuumiza tena, nikaanza kuomba msamaha.

"Arupe," akanikatiza. "Mwambie mama yao awaruhusu. Wacheze hapo hapo, wapige kelele. Hakupata mtu wa kucheza naye."